MARY ANNING: BINTI WA SEREMALA ALIYESOMA MAWE

Tulipoambiwa kwamba mwaka huu ni zamu ya kidato cha tatu kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, wenzangu walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nilimchagua mwanamke Mwingereza ambaye hakuongoza jeshi wala chama, hakuwahi kuona mlango wa chuo kikuu, na kazi yake maisha yote ilikuwa kuokota mawe ufuoni. Jina lake ni Mary Anning. Msinicheke kwanza. Nipeni nafasi niwaeleze tulivyokutana.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, jirani yetu huku Changamwe alikuwa akichimbiwa shimo la choo. Mchimbaji alikuwa mzee mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache. Alipopita udongo mwekundu wa juu akafikia udongo wa kijivu, mgumu, unaopasuka vipande vyembamba vyembamba. Ndani yake mlikuwa na mawe ya mviringo. Jiwe moja lilipigwa sururu likapasuka katikati, na ndani pakaonekana kitu kama konokono aliyejikunja, mwenye mbavu mbavu, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Yule mzee alikitupa kando. Aliponiona nimekikodolea macho akanipa hivi hivi tu, akaendelea na kazi yake.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Jiografia. Alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniambia kwamba hicho si konokono bali ni amonaiti, mnyama wa baharini aliyeishi zamani za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Akaniambia pia kwamba kama nataka kujua mtu anavyoweza kujisomesha kwa mawe kama hayo, nitafute habari za Mary Anning. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nimezitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mary Anning alizaliwa tarehe 21 Mei 1799 katika mji mdogo wa Lyme Regis, ulio kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, katika jimbo la Dorset. Baba yake, Richard Anning, alikuwa seremala wa makabati. Mama yake alikuwa akiitwa Mary pia, lakini watu walizoea kumwita Molly. Mungu aliwajalia watoto wapatao kumi, lakini waliofikia utu uzima ni wawili tu, Mary na kaka yake Joseph. Hata jina la Mary lilikuwa la urithi wa msiba. Kabla hajazaliwa, dada yake mwenye umri wa miaka minne, aliyeitwa Mary vilevile, aliungua akafa baada ya nguo zake kushika moto.

Naye mwenyewe aliponea chupuchupu. Mwezi wa Agosti mwaka 1800, akiwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu, alibebwa na mwanamke jirani kwenda kutazama maonyesho ya farasi. Mvua ikanyesha, watu wakajificha chini ya mti mkubwa. Radi ikapiga. Wanawake watatu waliokuwa chini ya mti huo walikufa papo hapo, akiwemo aliyembeba. Mtoto alikimbizwa nyumbani akatiwa katika maji ya moto, akazinduka. Watu wa Lyme walizoea kusema eti radi hiyo ndiyo iliyomtia akili na uchangamfu. Mimi sisadiki hayo, maana jinsi nilivyosoma, akili yake aliipata kwa jasho.

Sasa tuutazame mji wenyewe, kwa sababu bila mji ule hakuna Mary. Lyme Regis umekaa kando ya majabali marefu yanayotazama bahari. Majabali hayo ni matabaka ya mawe ya chokaa na udongo mgumu wa kijivu yaliyopangana kama mikeka, tabaka juu ya tabaka. Tope lake lilitulia chini ya bahari yapata miaka milioni 200 iliyopita. Kila majira ya baridi dhoruba huyapiga majabali, mvua huyalainisha, nayo humomonyoka. Yakimomonyoka hutoa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Wimbi likirudi mara mbili tatu huvichukua, na vikishachukuliwa ndio basi tena.

Visukuku vilivyopatikana kwa wingi vilikuwa amonaiti. Wenyeji hawakuwa wakijua ni nini. Waliviita mawe ya nyoka, wakidhani ni nyoka waliojikunja na kugeuzwa mawe. Jina la amonaiti lenyewe linatokana na Amoni, mungu wa Wamisri wa kale, aliyechorwa akiwa na pembe za kondoo dume, kwa kuwa gamba la mnyama huyu limejipinda kama pembe hiyo. Kumbe si nyoka wala si pembe. Amonaiti alikuwa wa ukoo mmoja na pweza, ngisi na dome tunaowajua hapa kwetu, ila yeye alikuwa na gamba la nje. Gamba hilo liligawanyika vyumba vingi. Mnyama alikaa chumba cha mwisho, kilicho kikubwa kuliko vyote, na alivyokua ndivyo alivyokihama chumba cha nyuma na kukifunga kwa ukuta. Vyumba vilivyohamwa vilikuwa na hewa, na mrija mwembamba ulivipitia vyote ili kumsaidia kuelea majini. Amonaiti walitoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita, wakati uleule dinosau walipotoweka.

Baba yake Mary hakupata riziki ya kutosha kwa useremala. Siku hizo Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, chakula kilikuwa ghali, na matajiri ambao zamani walikwenda kupumzika Ulaya sasa walikuja miji ya pwani kama Lyme. Richard akaona fursa. Aliokota visukuku majabalini, akavisafisha na kuviweka juu ya meza nje ya nyumba ili wageni wanunue. Aliwachukua Mary na Joseph wakiwa wadogo, akawafundisha kutazama chini, kugonga jiwe kwa nyundo na kusikiliza sauti yake, na kutembea na saa ya maji. Hilo la mwisho sisi watu wa pwani tunalielewa vizuri. Mwenye kutafuta pweza mwambani hungoja maji yapwe na huondoka kabla hayajajaa. Lyme ni vivyo hivyo. Maji yakikukuta chini ya jabali, nyuma yako mwamba na mbele yako bahari, huna pa kukimbilia.

Kuhusu shule, hakuna mengi ya kusema. Mary alijifunza kusoma na kuandika katika shule ya Jumapili ya kanisa lao. Familia yake haikuwa ya kanisa rasmi la nchi bali ya wale walioabudu kando, na watu wa namna hiyo walifungiwa milango mingi. Kwa hiyo Mary alikuwa maskini, mwanamke, na mtu wa dini ya pembeni. Mizigo mitatu kwa kichwa kimoja.

Mwezi wa Novemba mwaka 1810 baba yake alifariki. Alikuwa na kifua kikuu, na kabla ya hapo alikuwa ameanguka jabalini akaumia. Aliwaachia watoto wake ufundi wa kutafuta visukuku, na pia deni la pauni 120, fedha nyingi sana kwa seremala. Mary alikuwa na miaka 11. Kwa muda familia iliishi kwa msaada wa parokia. Inasimuliwa kwamba siku moja baada ya msiba huo Mary alishuka ufuoni akapata amonaiti nzuri, na alipokuwa akirudi nayo, bibi mmoja aliyekutana naye njiani akainunua kwa shilingi mbili na nusu. Kwa nyumba yenye njaa hizo zilikuwa pesa za chakula cha siku kadhaa. Nadhani hapo ndipo mchezo wa mtoto ulipogeuka kazi.

Mwaka 1811 Joseph aliona kichwa kikubwa cha mnyama kimechomoza jabalini, chenye taya ndefu, meno mengi na jicho kama sahani. Kichwa peke yake kilikuwa na urefu wa futi nne. Watu walidhani ni mamba. Joseph alikuwa akijifunza kazi nyingine, kwa hiyo Mary ndiye aliyebaki kuutafuta mwili. Maporomoko yalikuwa yameufunika. Mwaka 1812, akiwa na miaka 12 au 13, aliuona, na vibarua wakakodiwa kuuchimba. Mnyama mzima alikuwa na urefu wa futi 17 hivi. Bwana mwenye ardhi alimnunua kwa pauni 23, kisha akaonyeshwa London, na mwaka 1819 Jumba la Makumbusho la Uingereza likamnunua kwa pauni 45. Wataalamu walibishana miaka mingi. Hatimaye wakakubaliana kwamba si mamba wala si samaki, bali ni mnyama mtambaazi aliyeishi baharini, wakamwita ikthiosauri, maana yake mjusi samaki.

Msidhani sasa alitajirika. Mnyama mkubwa hupatikana mara moja kwa miaka. Kilicholisha nyumba siku kwa siku ni vitu vidogo, hasa amonaiti. Wakati fulani mambo yalizidi kuwa mabaya hata wakawa karibu kuuza samani za nyumbani. Mnunuzi wao mmoja, mwanajeshi mstaafu aitwaye Thomas Birch, aliona aibu kwamba watu waliogundua vitu hivyo walale njaa. Mwaka 1820 alipiga mnada visukuku vyake, vingi vikiwa ni vile alivyonunua kwao, akawapa zile pauni 400 zilizopatikana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wengine watadhani kuokota mawe hakuhitaji akili. Mary alitoka hasa majira ya baridi, baada ya dhoruba, wakati watu wengine wameota moto. Alivaa kofia ngumu ya kujikinga na mawe, akashika nyundo na kikapu. Akifika nyumbani aliondoa mwamba unaong'ang'ania kisukuku, chembe kwa chembe. Jiwe likivunjika vibaya, kazi ya wiki nzima imepotea. Kisha alikuja kutambua, na hapa ndipo penye elimu.

Nilidhani amonaiti zote ni moja. La hasha! Mwalimu alinionyesha kwamba mtu hutazama mambo manne. Kwanza, jinsi gamba lilivyojiviringa, kama mzunguko wa nje unaufunika wa ndani au umeuacha wazi. Pili, mbavu zake, kama ni nene au nyembamba, zimenyooka au zimejipinda. Tatu, mgongo wake wa nje, kama una mkuku kama wa jahazi au ni laini. Nne, mishono, ile mistari iliyojikunja kunja inayoonyesha ukuta wa kila chumba ulipogusana na gamba. Katika majabali ya Lyme, kwa majina yanayotumika leo, Psiloceras ni bapa na karibu laini, haina mkuku. Asteroceras ni nene, ina mbavu zenye nguvu na mkuku. Promicroceras ni ndogo, haina mkuku, na mbavu zake hulala bapa zinapovuka mgongo. Tena hazikai ovyo. Psiloceras hukaa matabaka ya chini, na hizo nyingine mbili matabaka ya juu yake. Kwa hiyo ukiijua amonaiti umelijua tabaka, na ukilijua tabaka umejua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Mpimaji wa ardhi William Smith, mtoto wa mhunzi, alikuwa ameonyesha kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, na mwaka 1815 akatoa ramani ya miamba ya Uingereza kwa kutumia elimu hiyo. Amonaiti basi ni kama kalenda iliyoandikwa mawe.

Mary aliyajua matabaka ya kwao kama mvuvi anavyojua mwamba wake. Zaidi ya hayo, aliazima makala za wataalamu akazinakili kwa mkono wake, maneno na michoro, kwa kuwa hakuwa na fedha za kuzinunua. Alipasua samaki na ngisi ili aone maumbile yao ya ndani, apate kuyalinganisha na yale ya mawe. Rafiki yake Elizabeth Philpot, bibi mwenye nafasi aliyemzidi umri karibu miaka 20, alimhimiza asome na mara nyingi waliongozana ufuoni. Katika visukuku vya jamaa za ngisi Mary aliona vifuko vya wino uliokauka. Elizabeth aliuchanganya wino huo na maji, akachorea picha za wanyama wa kale. Hebu fikirini, wino wa mamilioni ya miaka, bado unaandika!

Mwezi wa Desemba mwaka 1823 Mary alifukua mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa mzima. Alikuwa na kichwa kidogo, miguu minne kama makasia, na shingo ndefu kupita kiasi. Huyo ni plesiosauri. Huko Paris, Georges Cuvier, bingwa wa maumbile ya wanyama aliyeheshimiwa kuliko wote, aliiona michoro akatilia shaka. Alihisi huenda mifupa ya wanyama wawili imeunganishwa. Kwa mtu anayekula kwa kuuza visukuku, kushukiwa hivyo ni sawa na kufungiwa duka. Mwanzoni mwa mwaka 1824 Chama cha Wanajiolojia cha London kilikutana kumjadili mnyama huyo. Mary hakuweza kuwamo, kwa sababu chama hicho hakikupokea wanawake. Baadaye Cuvier alikubali kwamba mnyama ni wa kweli na yeye ndiye aliyekosea. Jina la Mary likawa salama.

Nasema likawa salama, lakini liliandikwa wapi? Mchungaji William Conybeare ndiye aliyemweleza mnyama huyo mbele ya chama na katika makala yake. Hakumtaja Mary kwa jina. Hata makala za kwanza kuhusu yule ikthiosauri, zilizoanza kutoka mwaka 1814, hazikumtaja. Mtindo ulikuwa kwamba anayetajwa ni bwana aliyenunua au bwana aliyeandika. Aliyeona, akachimba, akasafisha, akajua ni mfupa wa wapi, huyo alilipwa akasahauliwa.

Kusema kweli nilipofika hapo niliweka kitabu chini, kwa sababu jambo hilo lilinigusa. Siku moja tulifanya maonyesho ya sayansi, na amonaiti yangu iliwekwa mezani juu ya kitambaa. Kadi yake ilitaja darasa letu tu. Jina langu halikuwepo. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikalala bila kumaliza chakula. Basi nilipomsoma Mary nilijiona mimi ni yeye. Ngojeni, mtaona mwisho kwamba nilijidanganya.

Mary hakunyamaza wala hakuacha kazi. Mwaka 1826, akiwa na miaka 27, alifungua duka lenye dirisha la kioo, na wataalamu walilifuata kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 1828 alipata mifupa ya terosauri, mtambaazi mwenye mbawa, wa kwanza kupatikana nje ya Ujerumani. Na kuna ugunduzi mmoja ambao utawachekesha. Watu walikuwa wakiokota mawe fulani ya mviringo wasijue ni nini. Mary aliona kwamba mara nyingi hukaa ndani ya tumbo la ikthiosauri, na ukiyavunja unakuta mifupa na magamba ya samaki. William Buckland, profesa wa Oxford aliyekuwa akitembea naye ufuoni, alifuatilia jambo hilo, na mwaka 1829 akatangaza kwamba mawe hayo ni mavi ya kale yaliyogeuka mawe. Kwa njia hiyo tukajua walichokula wanyama wa zamani. Nami niliyepata kisukuku changu katika shimo la choo, sikuona aibu tena.

Kazi hii nusura imuue. Mwezi wa Oktoba mwaka 1833 jabali lilimomonyoka ghafla mbele yake likamfukia mbwa wake, Tray, aliyezoea kumfuata kila mahali. Hatua chache tu ndizo zilizomwokoa yeye mwenyewe. Miaka miwili baadaye alipoteza akiba yake, yapata pauni 300, katika biashara iliyokwenda vibaya. Hapo Buckland na wengine waliojua thamani yake walimtafutia posho ya pauni 25 kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 1830, Henry De la Beche, mwanajiolojia aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, alichora picha ya bahari ya kale ikiwa na wanyama Mary aliowafukua, nakala zake zikauzwa kwa faida yake. Na mtaalamu wa samaki wa kale kutoka Uswisi, Louis Agassiz, aliwapa samaki wawili wa mawe jina lake. Si kwamba wote walikuwa wachoyo. Lakini shukrani zilikuja kidogo kidogo, nazo nyingi zilichelewa.

Mary hakuolewa wala hakupata mtoto. Alifariki tarehe 9 Machi 1847 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 47, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Michael mjini kwao. De la Beche, wakati huo akiwa rais wa kile Chama cha Wanajiolojia, alimsifu mbele ya wanachama, ingawa hakuwa mmoja wao. Mwaka 1850 dirisha la vioo vya rangi liliwekwa kanisani kwa kumbukumbu yake, na wanachama wa chama hicho walichangia. Wanawake wenyewe walikubaliwa kuwa wanachama mwaka 1919, miaka 72 baada ya kifo chake. Mwaka 2010 Chama cha Kifalme cha sayansi kilimtaja miongoni mwa wanawake kumi wa Uingereza walioathiri zaidi historia ya sayansi. Na tarehe 21 Mei 2022, siku ya kuzaliwa kwake, sanamu yake ilizinduliwa Lyme Regis, akiwa na nyundo na kikapu, na mbwa wake pembeni. Aliyeanzisha harambee ya sanamu hiyo alikuwa msichana wa shule aliyeshangaa kwa nini mji wake hauna sanamu ya mtu kama huyo.

Kabla sijatia nanga, nirudi nyumbani. Mawe ya Jurasiki ya hapa Mombasa yanajulikana kwa wataalamu tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Chuo Kikuu cha Glasgow kilichapisha ripoti kuhusu visukuku vya pwani ya Kenya vilivyokusanywa na mwanamke aitwaye McKinnon Wood, na safari hiyo jina la mkusanyaji liliwekwa kwenye kichwa cha ripoti. Niliposoma hayo nilifurahi, kisha furaha ikanikauka. Nilijiuliza, aliyepata amonaiti yangu ni nani? Si mimi. Mimi nilipewa. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya jina langu, na sikuwahi hata kuuliza jina la mzee aliyeshika sururu. Nyani haoni kundule.

Nilimtafuta wiki mbili, nikamkuta akichimba kisima mtaa wa pili. Nilimwamkia, naye alinikumbuka. Nikamweleza habari za Mary na nikamwuliza kama amewahi kuona mawe mengine kama lile. Akacheka. Kumbe ameyaona tangu ujana wake! Akanieleza kwamba hayapatikani kamwe katika udongo mwekundu wa juu, ni mpaka ufikie wa kijivu, na hata huko huwa katika yale mawe ya mviringo zaidi kuliko penginepo. Nilibaki mdomo wazi. Jambo lililowachukua wataalamu miaka kulipanga, kwamba kila tabaka lina vyake, mzee huyu alilijua kwa mikono yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Sasa amonaiti ina kadi mpya niliyoiandika mwenyewe. Mstari wa kwanza ni mahali na kina cha shimo. Wa pili ni rangi ya udongo. Wa tatu ni jina la aliyeipata, na jina hilo ni la yule mzee. Hapa jaridani ameniomba nisilitaje, asije akaitwa mzee wa konokono mtaa mzima, nami nimemheshimu. Mwalimu amenieleza pia kwamba vitu kama hivi vinalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi, kwa hiyo amonaiti na kadi yake tutazipeleka makavazi pamoja.

Wenzangu, mkiona jiwe la ajabu, msilipige teke. Andikeni lilipotoka, na nani aliliona wa kwanza. Mwosha huoshwa. Ukimsahau mwenzako leo, kesho kalamu itakusahau na wewe. Kwa hayo machache naweka kalamu yangu chini. Wassalaam.